Maswali ya Wasomaji: Nyimbo zinapotoweka umeme ukirudi

Swali

Papa mwandishi, pokea salamu kutoka Katuba. Marehemu baba alituachia kanda na sidii nyingi, nami kwa mwaka mzima nimekuwa nikizihamishia kwenye diski ya nje niliyoipa jina MUZIKI. Mwezi uliopita nilichukua laptopu ya zamani ambayo betri yake imekufa, nikaweka mfumo wa Debian, kisha nikaendesha Navidrome, programu ya kusambaza muziki, kwa njia ya Docker, yaani programu inayoendesha nyingine ndani ya kifurushi kiitwacho kontena, ili nyumba yote isikilize kwenye simu kupitia Wi-Fi yetu. Jioni ya kwanza kila kitu kilikwenda vizuri na mama alisikiliza hadi usiku. Tangu umeme ulipokatika na kurudi, ukurasa unafunguka lakini hauna wimbo hata mmoja, na diski sasa inajiita MUZIKI1 ijapokuwa sikuigusa. Hata kabla ya hapo, mpiga gitaa Mwenda alionekana kama wanamuziki watatu, na kanda moja ya mchanganyiko yenye nyimbo 14 ilikuwa imegeuka albamu 14. Je, nitafute programu nyingine?

*Msomaji, Katuba, Lubumbashi*

Jibu

Ndugu yangu, bakia na programu hiyo hiyo, kwa sababu nyingine yoyote itakufanyia vivyo hivyo. Hiyo namba 1 iliyojibandika kwenye jina la diski yako ndiyo inayoeleza kisa chote.

Siku ya kwanza uliingia kwenye kompyuta kwa jina lako na kuibofya diski, na Debian ikaipachika, yaani ikaifungua kama folda, ndani ya /media, chini ya jina lako. Upachikaji wa namna hiyo humngoja mtu aingie na kubofya. Umeme uliporudi, laptopu iliwaka, Docker ikaamka yenyewe na kuitafuta folda ya MUZIKI uliyoiagiza, lakini diski ilikuwa bado haijapachikwa kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameingia. Docker, inapoagizwa folda isiyokuwepo kwa namna fupi ya maandishi ambayo wengi wetu hunakili, hailalamiki: huiunda folda hiyo, tupu, na kuikabidhi kwa Navidrome. Ulipokuja baadaye kuibofya diski, jina lake lilikuwa tayari limechukuliwa na folda hiyo tupu, ndipo ikapewa MUZIKI1. Nyimbo za baba yako zipo salama. Programu inachungulia chumba kisicho na kitu.

Simamisha kontena, toa diski kwa utaratibu wa kawaida, kisha iondoe folda tupu kwa amri ya rmdir, ambayo ninaipendelea kwa sababu hukataa kufuta folda yenye kitu ndani, hata ukikosea jina. Tengeneza folda mpya, /mnt/muziki, isome UUID ya diski, yaani namba yake ya utambulisho, kwa amri ya lsblk -f, na uiandike katika /etc/fstab, faili yenye orodha ya diski za kupachikwa kompyuta inapowaka, pamoja na neno nofail, ili laptopu isigome kuwaka siku ambayo diski haijachomekwa. Hapo wengi huishia, na umeme ukikatika tena tatizo linarudi, kwa sababu Docker bado inaweza kuitangulia diski. Andika systemctl edit docker, na chini ya kichwa cha [Unit] uweke mstari mmoja: RequiresMountsFor=/mnt/muziki. Kuanzia hapo Docker haitaamka kabla ya diski kupachikwa.

Katika faili ya Docker, njia ya muziki sasa iwe /mnt/muziki:/music:ro. Herufi hizo mbili za mwisho huifanya programu isome tu, isiweze kubadili wala kufuta chochote, nami nisingekubali kumbukumbu ya mzazi ikae kwenye seva bila kinga hiyo. Folda ya /data, ambamo Navidrome hutunza orodha zenu na majina ya watumiaji, ibaki kwenye diski ya ndani. Na kama huwa unaifunika laptopu, weka HandleLidSwitch=ignore katika /etc/systemd/logind.conf, la sivyo italala mara tu unapoifunika.

Sasa tuje kwa Mwenda, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Navidrome haijali umezipanga faili katika folda zipi. Husoma lebo zilizoandikwa ndani ya kila faili, na huziamini herufi kwa herufi. Mtu aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, ameandikwa kwenye kanda na sidii kama Jean-Bosco Mwenda, Mwenda Jean Bosco, na Mwenda wa Bayeke. Wewe unajua ni mtu mmoja, programu haijui. Kwa Franco utakutana na adha hiyo hiyo kati ya majina ya bendi yake, OK Jazz na T.P. OK Jazz. Chagua umbo moja la jina, uliandike kwenye daftari, na ulifuate hata pale usipolipenda.

Kanda ya mchanganyiko ina dawa yake. Kila wimbo ubaki na mwimbaji wake, lakini sehemu ya msanii wa albamu ijazwe jina moja kwa nyimbo zote 14, na alama ya mkusanyiko iwekwe. Programu ya MusicBrainz Picard inaweza kuutambua wimbo kwa sauti yake na kukujazia lebo, ila kwa kanda za zamani za Katanga usiitegemee sana. Nyingi utaziandika kwa mkono. Mkalishe mama karibu, maana huenda akamtambua mpiga gitaa kabla hujamaliza kubofya.

Swali

Mimi nafanya kazi Kolwezi na seva yangu ya Navidrome iko nyumbani, Kampemba, Lubumbashi. Ruta yetu hutumia laini ya simu. Nimefungua mlango wa 4533, ambao Navidrome huutumia, kwenye ruta, lakini nikiwa mbali sioni kitu.

*Msomaji wa pili*

Jibu

Mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mlango ulioufungua hauonekani kutoka nje. Ufunge. Weka programu ya Tailscale kwenye seva na kwenye simu yako, na vifaa hivyo viwili vitaonana kana kwamba viko chumba kimoja.

Kumbuka tu kwamba ndani ya nyumba muziki hauli mega hata moja, ilhali ukiwa Kolwezi utazilipia mara mbili: nyumbani wimbo unapopanda, na kwenye simu yako unaposhuka. Rumba ya dakika 8 katika MP3 ya kbps 320 ni MB 19 hivi. Ukiiagiza Navidrome iigeuze kuwa Opus, aina ya faili ya sauti iliyobanwa zaidi, ya kbps 96 kwa ajili ya simu hiyo pekee, inashuka chini ya MB 6, na kwenye spika ndogo ya chumbani sidhani kama utaisikia tofauti. Lakini mimi ningefanya hivi: Jumapili kabla ya safari, nikiwa bado kwenye Wi-Fi ya nyumbani, ningepakua albamu za wiki nzima kwa programu kama Substreamer, na Tailscale ningeiachia wimbo ule mmoja niliousahau.