Mistari kwenye dvd ya harusi

Kaka umeuliza kwa nini dvd ya harusi ina mistari hata baada ya kuibadili iwe faili la fremu 30 kwa sekunde. Hizo mistari kama meno ya chanuo unazoziona bi harusi akitembea sio diski mbovu, ni intalesi, yaani picha kugawanywa nusu mbili za mistari inayopishana. Harusi zetu za huku Dodoma zimerekodiwa kwa PAL (mfumo wa video), fremu 25 kwa sekunde, ila kila fremu imebeba nusu picha mbili za muda tofauti, yaani kwa sekunde unazo 50, ndo maana kitu kikienda haraka zinaachana.

Sasa ulipokosea ni kubadili 25 kwenda 30, acha kabisa, programu inarudiarudia fremu ili ijaze na picha inakuwa inadunda. Kwenye HandBrake, ile programu ya kubadili video, nenda kwenye filta, washa Bwdif (ya kuondoa hiyo mistari) uweke Bob (inafanya kila nusu picha iwe fremu nzima), alafu freimu reti weka 50. Mi nilifanya hivyo kwa kanda ya ngoma ya Wagogo ya ukoo wetu, wale mama wa muheme (ngoma ya wanawake) mikono ilikuwa inaonekana ukungu tu, baada ya hapo ikateleza safiii. Ukiona watu wanatembea kama wanarudi nyuma kidogo kidogo basi mpangilio wa nusu picha umegeuzwa, jaribu ule mwingine.

Ila angalizo, usifanye hivi kwa muvi za Marekani za 29.97, nyingi zilipigwa fremu 24 zikanyooshwa, hizo zinataka Detelecine (filta ya kuondoa huko kunyooshwa) zirudi 23.976.

Na usifute dvd yenyewe mpaka umeangalia faili lote, jaribu kwanza dakika mbili za pale wanapocheza