Mwalimu Anajibu: Anayepumua kwa nyuma

SWALI: Jambo Mwalimu. Yaya yangu anauza vitenge. Amerudi kutoka Dar es Salaam na kitu cheusi, kikavu, kigumu kama kipande cha tairi. Anasema ni jongoo bahari, mnyama wa chini ya bahari, eti anapumua kwa matako na akiogopa anatapika matumbo. Nimemwambia asinichezee akili. Kama ni kweli, tunaweza kumfuga hapa Kivu? Anasema Wachina wanamnunua ghali. — Msomaji wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mwombe yaya msamaha. Alipokosea ni mlango tu: kwa wengi wanaouzwa, matumbo hayatoki mdomoni, yanatoka kulekule nyuma. Kisha mwenyewe anakaa wiki kadhaa akiotesha mengine.

Huyu mnyama hana mapafu wala matamvua kama ya sambaza. Ndani ana viungo viwili vyenye matawi kama mti, vimeungana na njia ya haja kubwa. Anavuta maji kwa nyuma, matawi yanachukua oksijeni, anayasukuma nje. Na kwa kuwa mlango unafunguka kila mara, kuna samaki mwembamba kama mkunga mdogo anayeingia humo, mkia mbele, na kupanga chumba bila kodi! Baadhi ya majongoo bahari wana meno 5 pale mlangoni. Mimi ningekuwa nayo, ningeyatumia.

Nilimshika mmoja Bagamoyo, maji yakiwa yamekupwa. Mkononi alikuwa laini kama ugali wa moto, nikamminya, akakakamaa kama ubao. Ngozi yake inaweza kulegea au kukaza apendavyo. Nikaendelea kumsumbua (ualimu una ubishi wake), akanirushia nyuzi nyeupe zenye kunata kuliko ulimbo. Hizo si matumbo, ni silaha ya kunasa kaa. Ziling'oka na vinyweleo vya mkono wangu, na mvuvi aliyekuwa karibu alicheka mpaka akakaa chini.

Kivu, hapana. Jongoo bahari na ndugu zake, kiti cha pweza (yule mwenye umbo la nyota) na yule wa miiba anayechoma wavuvi nyayo, wote ni wa maji ya chumvi. Hakuna hata mmoja anayeishi ziwani. Hana kiungo cha kurekebisha chumvi mwilini, kwa hiyo maji baridi yatamuingia mpaka afe. Tena yeye ni wa kutambaa chini akila mchanga wenye mabaki, na unajua chini ya ziwa letu kuna nini: gesi ya metani na kaboni dioksidi, oksijeni hakuna.

Hicho kikavu kiloweke usiku kucha, kitavimba. Kipasue kwa urefu uangalie upande wa ndani: kama aliyekikausha hakukikwangua sana, utaona misuli 5 imelala sambamba. Hesabu mikono ya kiti cha pweza, nayo kwa kawaida ni 5.