Ndiyo, ni halali, na ndilo tatizo
Ndugu, umeuliza kama kweli Marekani mtu mwenye ulemavu anaweza kulipwa chini ya kima cha chini cha mshahara. Kweli, na ni kisheria: kifungu cha 14(c) cha sheria ya ujira ya mwaka 1938. Mwajiri anapata cheti Wizara ya Kazi, kisha mtu anasimama na saa mkononi kuhesabu. Asiye na ulemavu akifunga paketi 40 kwa saa, wewe ukafunga 10, unalipwa robo ya ujira wa kazi hiyo. Wanaolipwa kwa saa hupimwa tena kila miezi 6. (Hebu bosi naye apimwe hivyo tuone!)

Watetezi wanasema bila utaratibu huo wengi wangebaki nyumbani. Labda wapo. Ila wanaume 32 wenye ulemavu wa akili waliokaa Atalissa, jimbo la Iowa, walifanya kazi kiwanda cha nyama ya bata mzinga, wakibakiwa na dola 65 kwa mwezi, nyingine zikikatwa eti za malazi na matunzo. Waliondolewa huko 2009. Majimbo ya Alaska, Maryland na Oregon yameshaufuta utaratibu huo. Serikali kuu ilipendekeza kuusitisha Desemba 2024, ikarudi nyuma 2025.