Diski D yenye NTFS? Usiiguse na Proton, mkuu

Mkuu, toa kwanza mkono kwenye mausi. Unasema gemu zako zote ziko diski D ya Windows, iliyopangwa kwa NTFS (mfumo wa faili wa Windows), unataka Steam ya Linux, ile programu ya kununulia na kuchezea gemu, izisome hapo hapo usipakue upya. Usithubutu. Mimi nimepita huko, na nilirudi mikono mitupu.

Ubaya wake ni kwamba siku za mwanzo inakubali. Gemu inafunguka, unacheka, unawatambia wenzako. Kumbe Proton, kile chombo cha Steam kinachoendesha gemu za Windows ndani ya Linux, huitengenezea kila gemu Windows yake ya bandia ndani ya steamapps/compatdata, kwenye folda yenye namba ya gemu hiyo, na ndani yake kuna pfx. Humo, kwenye dosdevices, inaweka viungo (njia za mkato) vinavyoitwa "c:" na "z:". Sasa Windows haitaki kabisa jina la faili lenye nukta mbili (:)! Linux inaandika bila kinyongo. Ukirudi Windows, chkdsk, kikagua diski chake, inakuta majina hayo, inaona diski imeharibika, inaanza "kurekebisha".

Kwangu ilirekebisha mpaka sevu. Gemu yenyewe haikuwa na hifadhi ya wingu, sevu zilikaa humo humo, pfx/drive_c/users/steamuser. Nikaachiwa folda ya found.000 na vifaili vya CHK ambavyo hakuna gemu inayovitambua. Bosi wa mwisho nilikuwa nimeshampiga, ila ushahidi sina, kwa hiyo mtaniamini tu.

Aliyeniponza ni jamaa mmoja wa video, sauti nzito, anajiamini kama yeye ndiye aliyeiandika Linux. Eti "NTFS siku hizi haina shida, kerneli ina draiva yake", yaani kiini cha Linux kinajua kuisoma chenyewe. Draiva ya ntfs3 kweli ipo tangu kerneli 5.15 ya mwaka 2021, nani amebisha? Draiva haiwezi kuilazimisha Windows ipende nukta mbili! Tena diski ilipogoma kuandikwa, akasema tumia remove_hiberfile, chaguo la wakati wa kuunganisha diski. Hakusema kwamba Windows haikuwa imezimwa, ilikuwa imelala kwa sababu ya ule uwakaji wa haraka (Fast Startup), na kwamba chaguo hilo linafuta kila ilichokuwa imehifadhi kwenye usingizi wake. Video bado ipo, watu wanamshukuru huko chini. Haya.

Wapo watakaokuambia uhamishe compatdata peke yake kwenda ext4, mfumo wa faili wa Linux, na kuacha kiungo kwenye D. Inawezekana, lakini diski bado itakuja imefungwa isiandikwe kila Windows ikilala. Ya nini kuteseka?

Tengeneza patisheni ya ext4, iongeze Steam kama maktaba. Ukiwa Windows chagua kuwasha upya, usizime, ndipo uingie Linux. Nakili folda ya gemu kutoka D hadi steamapps/common ya maktaba mpya, kisha bofya kusakinisha. Steam itakagua faili ilizokuta na kupakua zilizopungua tu. Kama gemu ina toleo lake la Linux, ilazimishe kwanza itumie Proton, la sivyo itakuletea faili nyingine.

Toleo la Proton uliloulizia, acha lile Steam inalokuchagulia. Mambo ya padi na kadi ya picha uliyouliza pia, wengine watakujibu.

Ukimaliza kunakili, itoe D kwenye orodha ya maktaba za Steam leo leo. Ukiiacha, kuna usiku utabofya gemu kwa usingizi na Proton itaandika humo.