Ya mikononi na ya mdomoni: tiba za nyongeza ukiwa unauguza nyumbani

Tangu mama apate kiharusi na kuhamia kwangu hapa Dodoma mjini, kila anayekuja kumjulia hali anakuja na dawa yake. Huyu kaleta mizizi kutoka Kondoa, yule chupa ya mafuta, mwingine amesikia redioni habari za vidonge lishe. Nawaandikia ninyi mnaouguza, maana najua uzito wa kupokea ushauri kutoka kwa watu wanaompenda mgonjwa wenu kwa dhati.

Mimi tiba hizi nimezigawa mafungu mawili. Kuna zinazofanywa kwa mikono, sauti na miguu: kuchua, mazoezi, kuimba, kupumua taratibu. Na kuna zinazopita mdomoni. Za mikononi nazikaribisha kwa urahisi. Za mdomoni lazima daktari au mfamasia azione kwanza, hata kama aliyezileta ni shangazi. Mama anameza dawa ya presha na aspirini kila siku, na chochote kingine atakachokimeza kitakutana nazo mwilini. Kumchua bega hakuna mgongano huo.

Nianze na kuimba, kwa sababu ndiko nilikoona makubwa. Kiharusi kilimpata mama upande wa kushoto wa ubongo, mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakakatika. Akitaka maji ananyoosha kidole, tusipomwelewa analia. Jumapili moja kina mama wa kanisani walikuja kumwombea, wakaanzisha wimbo wa Kigogo anaoujua tangu utotoni. Mama akaingia nao. Mdomo umepinda, lakini maneno yanatoka mazima, ubeti wote, mpaka jirani aliyekuwa anamshika mkono akaacha kuimba ili amsikilize.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo nilipomsimulia hakushangaa. Alisema kuimba kunatumia pia upande wa kulia wa ubongo, kwa hiyo aliyepoteza maneno anaweza kuimba asichoweza kusema. Wataalamu wa usemi wana mbinu inayotumia jambo hilo: kauli fupi ya kila siku inaimbwa kwa mahadhi huku mgonjwa akigongwa taratibu kwenye mkono wa kushoto, halafu mahadhi yanapunguzwa kidogo kidogo. Tukaanza na "naomba maji" kwa sauti ya wimbo ule ule. Siku hizi anaomba maji, chai, na hata kunikaripia anaweza.

Kutembea nako kumesaidiwa na mdundo. Kwa Wagogo ngoma ya muheme ni ya wanawake, na shangazi alikuwa mpigaji hodari enzi zake. Akigonga ndoo iliyopinduliwa, polepole na kwa kipimo kimoja, hatua za mama zinanyooka kuliko nikimhesabia moja, mbili. Mazoezi yenyewe ni yale tuliyopewa kliniki, mdundo unayafanya yafanyike kila jioni bila ugomvi.

Kuchua kunapunguza ukakamavu na maumivu, na kunamletea usingizi. Natumia mafuta ya alizeti ya vuguvugu. Nayajaribu kwanza kwenye kiganja changu, kwa sababu upande uliopooza unaweza usihisi joto na ngozi ikaungua. Mkono uliolegea hauvutwi, wala mgonjwa hanyanyuliwi kwa kushikwa kwapani, bega linaweza kuteguka. Na hili mlishike sana: mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma kwenye misuli ya nyuma, usiuchue hata kidogo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge likiachia linaweza kwenda kwenye mapafu. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kupiga chuku, yaani kumnyonya damu kwa pembe, na kuchanja chale nimekataa. Anayetumia aspirini damu yake inachelewa kuganda, na wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kuleta virusi vya UKIMWI au homa ya ini ya aina ya B.

Sasa za mdomoni. Sizidharau, majani na mizizi vina nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayonipa tahadhari. Kitunguu saumu kwenye mboga hakina shida, lakini kikikamuliwa au kuwekwa kwenye vidonge kwa wingi kinaweza kuongeza kutokwa damu kwa anayetumia aspirini. Mshubiri wa kunywa unaharisha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini, kwa hiyo usikutanishwe na dawa za presha za kukojoza zinazopunguza madini hayo hayo. Unga wa mlonge ni lishe nzuri, ila mwenye kisukari anayetumia dawa amwambie daktari, sukari isije ikashuka kupita kiasi.

Halafu kuna magadi. Mlenda bila magadi kwa mama yangu ulikuwa kama matusi, lakini magadi yana sodiamu kama chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Tunaupika bila magadi, tunaweka karanga. Alinuna, akazoea.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuacha dawa. Wengi tunakumbuka mwaka 2011, watu walivyomiminika Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, na wapo waliorudi wakaacha kumeza dawa zao. Presha inadanganya zaidi, kwa sababu haiumi. Ikipimwa iko chini ya 140 kwa 90, mtu anasema nimepona, kumbe ni vidonge vinavyoishikilia. Mganga akikuambia uache dawa za hospitali ili yake ifanye kazi, ondoka. Tangu sheria ya mwaka 2002 tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na vituo vyao, basi omba kuona cheti. Mwenye nacho hakasiriki.

Ndugu wanaoleta chupa msiwavunje moyo. Mimi napokea kwa mikono miwili, nauliza jina la mti na kiasi cha kunywa, naandika kwenye daftari la kliniki la mama mbele yao. Nasema, "Ahsante shangazi, nitakwenda nayo kliniki wakaione kwanza." Mpaka sasa hakuna aliyechukia. Na chupa ambayo mwenyewe hawezi kuniambia kilichomo, haifunguliwi.