Siku kumi za Paje bila kuvuruga mazoea ya afya

Dada yangu, umeuliza utafanyaje ili siku 10 za mapumziko Paje zisivuruge mazoea ya kutembea na kula kwa kiasi uliyoyajenga tangu mwanzoni mwa mwaka. Mimi ningeanza na ufuo wenyewe, kwa kuwa maji yanapokupwa katika pwani ya mashariki ya Unguja huacha mchanga mpana na mgumu, ambao unaweza kutembea juu yake kuelekea Jambiani bila kuhitaji vifaa vyovyote. Waulize wenyeji saa za maji kupwa, maana huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kisha upange matembezi yako kuzifuata, ikiwezekana kabla jua halijawa kali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo nusu saa kwa siku 5 inatosha.

Chakula ndicho kitakachokujaribu zaidi. Siku utakayokwenda jioni Forodhani, kwenye soko la vyakula la Mji Mkongwe, usijinyime urojo (kujinyima likizoni, kwa maoni yangu, huishia kwenye kula ovyo usiku wa manane), bali chagua kitu kimoja tu cha kukaangwa, na sehemu kubwa ya sahani iwe samaki au pweza wa kuchoma pamoja na kachumbari. Juisi ya miwa imejaa sukari hata kama imekamuliwa mbele yako. Dafu litakufaa zaidi. Asubuhi hotelini, anza na matunda na mayai, na maandazi yaje mwisho iwapo bado una njaa.