Kusafiri peke yako na gari ndogo: Dodoma, Kondoa, Babati, Katesh, Singida

Mleta uzi umeuliza mambo matatu: mtu anaweza kuzunguka miji midogo ya bara peke yake na gari ndogo? Atalala wapi? Na atazoeanaje na watu wa huko wakati hana mwenyeji hata mmoja? Wengi wamekujibu habari za mafuta na usalama. Mimi nitakaa zaidi kwenye hilo la tatu, maana ndilo lililonitoa jasho.

Agosti 2024 nilichukua likizo ya wiki moja, nikatoka Dodoma na Toyota IST yangu kwenda Kondoa, Babati, Katesh na Singida, nikarudi kwa njia ya Manyoni. Mzunguko ni kama kilomita 650, lami mwanzo mwisho. Waliopita Dodoma–Babati zamani, kilomita 251, wanajua ilivyokuwa kabla lami haijazinduliwa mwaka 2018. Masika ulikuwa unaaga nyumbani kama anayekwenda jeshini. Siku hizi tatizo lililobaki ni vibao vya 50. Kila kijiji kina kibao, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo yuko mahali chini ya mti. Mimi nilikutwa na 57. Hizo 7 zilinigharimu elfu 30 kabla hata sijafika Kondoa.

Kondoa nikapata gesti ya elfu 15, safi, maji ya ndoo. Dada wa mapokezi akanisogezea daftari la wageni. Jina, kabila, utokako, uendako, sababu ya safari. Hapo kwenye sababu nikaandika "matembezi". Akaligeuza daftari upande wake, akasoma, akaniangalia.

"Kaka, unamtembelea nani?"

"Simtembelei mtu. Natembea tu, naangalia nchi."

"Andika biashara. Askari wakija kukagua usiku watakuamsha."

Nikafuta, nikaandika biashara. Nililala salama, lakini lile neno "natembea tu" likanifuata safari nzima. Huku mtu hasafiri bila shughuli. Anakwenda msibani, anakwenda mnadani, anampeleka mgonjwa, anafuata alizeti. Sasa wewe ni mtu mzima, uko peke yako, gari halina mzigo wala mgonjwa, unapita polepole unachungulia. Wewe ni mtu wa madini, au wa kodi, au wa usalama. Watakusalimia vizuri sana na hawatakwambia kitu. Nilikunywa chai kwenye kibanda kimoja hapo Kondoa, watu walikuwa wanacheka kwa sauti, nilipokaa wakaanza kuzungumzia mvua.

Kilichoniokoa ni pancha. Kilomita chache kabla ya Kolo tairi ya nyuma ikakaa chini. Natoa ya spea, nayo haina upepo. Nilikuwa sijaikagua tangu ninunue gari, msinicheke. Bodaboda wa kwanza kupita akasimama bila kupungiwa mkono. Akaifungua ile tairi mwenyewe, akaifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tyubu, akanipakia katikati, mimi na tairi mgongoni kama begi la shule, mpaka kwa fundi Kolo.

Fundi alikuwa kijana mdogo mwenye karai la maji meusi na kompresa ya kuvuta kwa kamba. Akazamisha tairi, akaizungusha taratibu mpaka povu likaonekana, akachomoa msumari wa bati wenye kofia. Akaziba, akajaza. Kisha akatema mate kwenye ncha ya kidole, akapaka mdomo wa valvu, akainama kusubiri kama mate yatachemka. Hayakuchemka. Akafunga kifuniko, akanitajia elfu 5, na hapo hapo akaikumbuka ile ya spea iliyobaki barabarani: "Ilete na yenyewe, usirudie kosa."

Pale kwa fundi nikawa mtu mwingine kabisa. Sasa nilikuwa na sababu ya kuwepo, kila apitaye aliiona iko ndani ya karai. Mzee mmoja mwenye baraghashia alivuta kigoda, nikampa shikamoo, akaniuliza gari limelala wapi, nina watoto wangapi, na kwa nini sikuja na mtu wa kunisaidia jeki. Halafu akaanza yeye. Akaninyooshea kidole yale makorongo mekundu ya vilima vya Irangi, ambayo sasa yameota miti ndani yake. Akasema mwaka 1979 Serikali iliwatoa ng'ombe wote kwenye vilima vile ili ardhi ipone, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Yeye alikuwa kijana, akaswaga ng'ombe wa baba yake kwenda tambarare kwa ndugu. "Ardhi ilipona," akasema. "Baba hakupona." Nikanyamaza, na yeye akanyamaza, fundi akaendelea kukunja kamba ya kompresa.

Michoro ya miambani ya Kolo niliiona mchana huo, ile iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2006. Unaanzia ofisi ya Mambo ya Kale, unapewa wa kukuongoza. IST usiipandishe huko juu, chukua boda kisha panda kwa miguu. Pale Mongomi, mojawapo ya miamba yenye michoro, wenyeji hadi leo wanafanya matambiko, kwa hiyo tembea kama uko kwa watu, si kama uko makumbusho.

Baada ya Kolo nikapata akili. Nikifika mji, natafuta shughuli ya kweli, ndogo, inayochukua nusu saa na inayonikalisha. Kushona soli ya kiatu. Kuosha gari. Kinyozi ndiye bora kuliko wote, maana umevishwa shuka, huwezi kukimbia, na kila anayesubiri anajua umefuata nini. Nilinyolewa Babati na Singida ndani ya siku nne, nikarudi nyumbani kichwa kama yai.

Ila Katesh mbinu zote ziligoma. Ule mji uko chini ya Mlima Hanang, na Desemba 3, 2023 mvua iliteremsha tope, mawe na magogo kutoka mlimani, watu zaidi ya 80 wakafa. Mimi nilifika miezi minane baadaye. Niliegesha karibu na mama mmoja anayeuza viazi, nikachagua fungu, nikawa naangalia ukuta wa nyuma yake ambao alama ya tope ilikuwa bado imebaki, usawa wa kifua changu. Akaniona ninavyoangalia. Akafuta mikono kwenye kitenge, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Majina, kwa peni ya bluu.

"Hawa watatu hawakuandikwa mara ya kwanza, mwanangu. Nyie mnatokea mkoani au Dodoma?"

Nilitokea Dodoma kweli. Nikamwambia mama, mimi sijatumwa na mtu, napita tu. Akaikunja tena ile karatasi kwa mikunjo yake ile ile, akairudisha, akaniongezea viazi viwili juu ya fungu.

Sikupiga picha Katesh. Singida nilinunua dumu la alizeti na kuku wawili kama kila mtu, nikageuza.

Kwa hiyo mkuu, gari ndogo inatosha na gesti zipo kila mji. Tairi ya spea kagua ukiwa Dodoma.